Tairi la baiskeli lichaguliwe kwa namba na kwa njia, si kwa meno

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo huenda likaonekana dogo mbele ya siasa na bei ya unga, lakini linamgusa kila mtu anayepanda baiskeli hapa Malindi na vitongoji vyake, nalo ni ununuzi wa matairi. Nakusudia hasa matairi ya zile baiskeli za mseto, ambazo si za mashindano wala si za milimani, zenye magurudumu makubwa, usukani ulionyooka na gia nyingi, ambazo siku hizi hutufikia kama mtumba kutoka Ulaya. Wengi wetu tumezipenda kwa sababu zinakwenda vizuri juu ya lami na hazikatai njia ya udongo.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa hesabu, na kila siku isipokuwa Ijumaa hupanda baiskeli ya aina hiyo kutoka nyumbani mjini hadi shambani kwangu upande wa Ganda. Safari yenyewe si ndefu, ila ina kila kitu: lami, changarawe, udongo mwekundu, vipande vya mchanga mwepesi, na mahali pengine matumbawe yaliyochomoza ardhini yakiwa makali kama shoka. Mwaka jana tairi langu la nyuma lilikwisha. Ubavuni mwake palikuwa pamefutika karibu maandishi yote, nikaweza kusoma tu 28 x 1.50. Nikaenda katika duka moja la vipuri na kuomba tairi la namba hiyo, na muuzaji, kijana mwenye adabu, akanitolea tairi jipya lililoandikwa 28 x 1½. Nimewafundisha watoto wa watu kwa miaka mingi kwamba moja na nusu na 1.50 ni kitu kimoja, na aliyebisha nilimwekea alama ya mkasi. Nikalipa, nikaondoka.

Tairi lile liliingia kwenye rimu kwa vidole vitupu, bila mpini wa kijiko na bila jasho, nami nikaufurahia wepesi huo nisijue kwamba ndiyo dalili ya kwanza ya hasara. Nilipolijaza upepo likawa linayumba, upande mmoja limeinuka na upande mwingine limezama. Nikajiambia kwamba litakaa sawa likishapata uzito. Sikufika shambani. Njiani ukingo wa tairi uliruka nje ya rimu, tyubu ikajitokeza kama ulimi, ikapasuka kwa mshindo uliowatimua kuku wa watu. Nikaikokota baiskeli hadi kwa fundi anayekaa chini ya mwembe, ambaye hakuhitaji hata kuinama ili aone kilichotokea. "Mwalimu," aliniambia, "tairi hili ni la Black Mamba, zile baiskeli kubwa nyeusi za zamani. Hapa hata ukilifunga kwa kamba, litatoka tu."

Fundi alikuwa na haki, na maelezo yake yameandikwa ubavuni mwa kila tairi la kisasa kwa herufi ndogo ambazo wanunuzi wengi hatuzitazami. Tairi nililouziwa lilikuwa na namba 40-635. Lile nililohitaji ni la 40-622. Namba ya kwanza ni upana wa tairi likiwa limejaa upepo, kwa milimita. Namba ya pili ni kipenyo cha rimu pale ukingo wa tairi unapokaa, pia kwa milimita. Tofauti ya 635 na 622 ni milimita 13, na ukiizidisha kwa pai utaona kwamba mzingo wa tairi umeuzidi mzingo wa rimu kwa milimita 41 hivi, yaani upana wa zaidi ya vidole viwili. Hakuna nguvu ya mkono wala gundi ya fundi inayoweza kuziba pengo hilo.

Msomaji atauliza imekuwaje vitu viwili visivyolingana vikapewa jina moja la "ishirini na nane". Zamani namba hiyo ilikuwa kipimo cha tairi lote kwa nje, kwa inchi, kutoka ardhini hadi juu, na wala haikuwa kipimo cha rimu. Kwa hiyo tairi nene lilikwenda na rimu ndogo, na tairi jembamba likakaa juu ya rimu kubwa, ili yote mawili yafikie kimo kilekile. Wafaransa waliita kimo hicho 700, kwa milimita, na kuzitenga rimu kwa herufi A, B na C. Waingereza walitumia inchi na visehemu vyake. Baadaye upana wa matairi ulibadilika, majina yakabaki, na maana ikapotea. Ndiyo sababu 28 x 1½, lile la baiskeli zetu kubwa nyeusi zilizowabeba baba zetu, lina rimu ya 635, ilhali 28 x 1.50 lina rimu ya 622, ingawa mwalimu yeyote wa hesabu ataapa kwamba ni namba moja. Kipimo cha kimataifa cha ISO 5775 kiliwekwa ili kuuondoa mkanganyiko huo, na kwa rehema zake Mola ni kipimo cha namba mbili tu na kistari katikati.

Mwenye baiskeli ya mseto akumbuke 622. Akiikumbuka, atagundua pia kwamba tairi lililoandikwa 700C ni lake, na kwamba hata lile la baiskeli za milimani linaloitwa "ishirini na tisa" lina rimu hiyohiyo ya 622, hivyo anaweza kulinunua iwapo upana wake utapita kwenye uma na madigadi. Wenye magurudumu madogo nao wana mtego wao: 26 x 1.75 la baiskeli za milimani ni la rimu ya 559, lakini 26 x 1⅜ la baiskeli za kizamani za akina mama ni la 590. Muuzaji akiambiwa "ishirini na sita" peke yake, hana njia ya kujua mteja anataka lipi, na mimi simlaumu tena kijana yule kama nilivyomlaumu siku ile.

Namba ya rimu ikishajulikana, linabaki suala la upana, na hapa ndipo ninapotofautiana na wapanda baiskeli wenzangu. Vijana wengi wanaamini kwamba tairi jembamba ndilo lenye mbio, kwa hiyo mtu huvua tairi la upana wa milimita 40 na kuvika la milimita 28 kisha akashangaa mbona njia ya kwenda Gede imekuwa chungu. Upepo ukiwa sawa, eneo la tairi linalogusa ardhi huwa karibu sawa kwa tairi jembamba na pana, ila umbo lake hutofautiana: la jembamba huwa refu kwenda mbele, na la pana huwa fupi na la kukaa kwa upana. Lile refu hulazimisha mbavu za tairi zikunjike zaidi kila gurudumu linapozunguka, na kule kukunjika ndiko kunakokula nguvu za miguu. Tairi jembamba linakuwa jepesi kweli likijazwa upepo mwingi sana kwenye lami laini kama kioo, na lami ya namna hiyo sijaiona kwa wingi huku kwetu. Penye changarawe tairi lililokazwa mno hurukaruka, na kila mruko ni nguvu iliyokwenda juu badala ya kwenda mbele.

Kwenye mchanga hoja hii haina hata mjadala. Anayeufahamu msitu wa Arabuko-Sokoke, ambao eneo lake ni takriban kilomita za mraba 420, anajua kwamba ardhi yake hubadilika ghafla: chini ya miti ya mrihi kuna mchanga mweupe, na upande mwingine kuna mchanga mwekundu ambao wataalamu huuita kwa jina la Magarini. (Ndani mna tembo pia, kwa hiyo mtu asijiingilie na baiskeli yake bila kuwaarifu wasimamizi wa msitu.) Tairi la milimita 28 au 32 huukata mchanga ule mweupe kama kisu kikatavyo samli, na mpandaji hujikuta amesimama ghafla huku mwili wake ukiendelea na safari. Tairi la 40 au 42 halitaelea juu yake kama jahazi, sitaki kumdanganya mtu, lakini litamvusha mpandaji vipande vifupi bila kushuka, na huko ndiko ninakokuita nje ya lami kwa kiasi. Mwenye kutaka kuvuka mchanga wa pwani kavu kwa kilomita nzima anahitaji baiskeli nyingine kabisa.

Uamuzi wangu, baada ya kujaribu kwa fedha zangu mwenyewe, ni milimita 40. Kabla ya kuiga, mtu apime nafasi iliyopo kati ya tairi na uma, na kati ya tairi na madigadi. Pakikosekana pa kupitisha ncha ya kidole kila upande, udongo mwekundu wa masika utajaa humo na kuligeuza gurudumu kuwa breki. Nimewahi kuibeba baiskeli begani kwa sababu hiyo, nikapita mbele ya watoto wa shule ambao hawakuficha furaha yao.

Sasa meno. Mnunuzi wa kawaida akiingia dukani hutazama meno kwanza, kama anayenunua mbuzi, na huliona tairi lenye meno makubwa kuwa ndilo imara. Juu ya lami meno hayo ni mzigo: kila jino hupinda likigusa ardhi na kunyooka likiondoka, tairi huvuma kama nyuki, na katikati huisha upesi. Wapo wanaosema kwamba meno yanahitajika kwa ajili ya mvua ili tairi lisielee juu ya maji kama la gari. Tairi la baiskeli ni jembamba na la mviringo, na upepo wake ni mwingi kuliko wa tairi la gari, kwa hiyo maji hupisha pembeni. Kwa upepo wa kawaida wa tairi la 40 ingebidi mpandaji apite kilomita 100 kwa saa ndipo maji yaanze kulinyanyua, na sisi huku tunashindana na tuktuk. Kinachotelezesha siku ya mvua ya kwanza ni mafuta na vumbi vilivyolala barabarani tangu kiangazi, na dawa yake ni kupunguza mwendo.

Meno yana kazi yake kwenye udongo uliolowa na kwenye changarawe iliyolegea, hasa mtu anapokata kona. Kwa njia zetu zilizochanganyika ninapendekeza tairi lenye mstari usiokatika, au wenye mikato midogo tu, katikati ya mgongo wake, na vijino vifupi vilivyopangwa mabegani. Kwenye lami ule mstari wa katikati ndio unaogusa ardhi na baiskeli inateleza kimya. Mtu akiingia kwenye udongo na tairi kuzama kidogo, au akiilaza baiskeli kwenye kona, vijino vya mabegani vinashika. Katika mchanga mkavu, hata hivyo, hakuna jino linalosaidia. Huko husaidia upana, na kupunguza upepo.

Kuhusu upepo naomba nikae kidogo, maana watu hutoa fedha kwa tairi zuri kisha wakaliharibu kwa pampu. Namba iliyoandikwa ubavuni, tuseme 75 PSI (PSI ni kipimo cha mkazo wa upepo), ndiyo mwisho wa kile ambacho tairi linaruhusiwa kubeba, na si amri ya kujaza kiasi hicho. Mimi nina uzito wa kilo 70 hivi, na katika tairi la milimita 40 huweka 50 nyuma na 42 mbele; nikijua nitapita kwenye mchanga hupunguza kama 10 kila upande. Gurudumu la nyuma hubeba sehemu kubwa ya uzito, kwa hiyo haifai yote mawili yawe sawa, na anayebeba gunia la makaa au mtoto kwenye keria aongeze nyuma. Anayepunguza kupita kiasi ajue kwamba siku atakapogonga ncha ya tumbawe, tyubu itabanwa kati ya jiwe na rimu na kutoboka matundu mawili yaliyokaa sambamba kama jino la nyoka. Pampu za umeme za vituo vya mafuta zimetengenezwa kwa magari, ambayo matairi yake yana tumbo kubwa. Tairi la baiskeli hujaa humo kwa sekunde chache tu na kupasuka mtu akiwa bado anatafuta chenji. Pampu ya mkono yenye kipimo inatosha. Na baiskeli isiachwe juani mchana kutwa ikiwa imekazwa hadi mwisho, kwa kuwa upepo wa ndani hupanda kadiri joto linavyopanda.

Miiba ni habari nyingine. Tuna mbigiri zinazotambaa kandokando ya njia na kuacha punje zenye pembe, tuna migunga, na ukielekea kaskazini unakutana na mathenge. Unene wa meno haumsaidii mtu hapa, kwa sababu mwiba hupita katikati ya meno. Kinachosaidia ni tabaka la kinga lililowekwa chini ya mpira wa mgongo, ambalo katika matairi mengine ni kitambaa cha nyuzi za aramidi, zile zinazojulikana kwa jina la kibiashara la Kevlar, na katika mengine ni utepe mnene wa mpira. Kitambaa ni chepesi na huzuia vigae vya chupa na changarawe kali. Utepe mnene ni mzito na hulifanya tairi liwe la uvivu kidogo, lakini kwa mbigiri ndio bora zaidi, kwani punje huchoka kabla ya kuifikia tyubu. Nimechagua utepe mnene kwa nyuma peke yake, penye pancha nyingi. Mafundi wetu wana desturi ya kukata tairi kuukuu na kulilaza ndani kama kinga, na si ubunifu wa kudharauliwa, ila kingo za kipande hicho zisiponolewa zikawa laini, zenyewe ndizo zitakazoitoboa tyubu kwa kuisugua.

Yapo mambo mawili ya pwani ambayo mwenzetu wa bara huenda asiyajue. La kwanza ni kwamba chumvi ya upepo wa bahari hula rimu na njiti, na hula pia waya ulio ndani ya ukingo wa tairi palipochubuka. La pili ni jua. Matairi mengi madukani huning'inizwa barazani kama pambo, yakapigwa na jua msimu wa kaskazi wote na wa kusi pia, na yanapouzwa huwa yameshazeeka yakiwa bado na lebo. Mnunuzi alikunje tairi ubavuni na kulitazama kwa karibu: akiona mipasuko midogo kama ya udongo uliokauka, alirudishe hata likiwa na bei nafuu. Ubavu ndio unaokatwa na matumbawe, na ubavu uliokauka haustahimili hata mkwaruzo mmoja. Akinunua tairi moja tu, alivike mbele na lile la mbele alihamishie nyuma, kwa kuwa tairi la nyuma likipasuka mtu huyumba, na la mbele likipasuka mtu huanguka.

Ombi langu kwa wenye maduka ya vipuri, Mhariri, ni mawili. Wayatoe matairi juani. Kisha katika daftari la kuagizia bidhaa waandike namba mbili zenye kistari badala ya "ishirini na nane kubwa" na "ishirini na nane ya gia", na wakibandika bei wazibandike na namba hizo kwa wino mzito, kwa sababu wateja wengi tuna umri ambao maandishi yaliyochorwa kwa rangi nyeusi juu ya mpira mweusi hayasomeki bila miwani. Mteja naye, akiwa maandishi ya tairi lake yamefutika, aende na gurudumu zima mkononi. Ni aibu ndogo kuliko ya kuikokota baiskeli. Tena asisahau kutazama tundu la valvu kwenye rimu kabla ya kununua tyubu, kwa kuwa tundu la valvu nyembamba lina milimita 6.5 na valvu nene kama ya pikipiki haitapita humo.

Lile tairi la 40-635 halikupotea bure. Nilimpa jirani yangu anayepeleka madafu sokoni kwa Black Mamba yake, akaniambia lilimtoa jasho kuliingiza kwenye rimu, na hadi leo asubuhi nimeliona likizunguka.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Malindi